UZI: Bi Mkubwa alianguka kwa pua, namjenga upya aruke usiku na taa. Wenye uzoefu njooni

Baba Tunu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za wikiendi. Mimi niko Wichita, Kansas, kazi yangu haina uhusiano wowote na roketi, ila tangu mwaka jana nimeambukizwa huu ugonjwa na binti yangu Tunu wa miaka 10. Tulinunua kifurushi cha kujenga roketi cha kampuni ya Estes kinaitwa Big Bertha, yeye akaibatiza Bi Mkubwa, ni roketi ya karatasi ngumu na mapezi ya balsa (mbao nyepesi sana), urefu kama sentimita 61, unene sentimita 4 na kidogo. Imeruka mara sita bila shida. Mara ya saba ndo msiba.

Ilikuwa mchana, hakuna upepo, dukani injini zilizobaki zilikuwa C6-7 tu wakati maelekezo ya kifurushi yanasema C6-5, mi nikaona tofauti ya mbili itanifanya nini. Ikapanda vizuri kabisa, ikageuka juu, ikaanza kushuka na pua imetangulia, tukasubiri parashuti, parashuti haikuja. Ilipiga chini ile kavu ya Kansas ya mwezi wa saba, we acha. Bomba la mbele sentimita kama 14 limejikunja kama akodioni, pezi moja limeng'oka na kipande cha ngozi ya bomba, pua imebonyea. Tunu hakulia ila alinyamaza mpaka nyumbani, ambayo ni mbaya zaidi.

Sasa usiku ule tumekaa kibarazani vimulimuli wamejaa uani akasema baba tukimjenga tena tumuwekee taa kama hawa. Nikasema sawa bila kufikiri. Ndo niko hapa.

Maswali: (1) Bomba nikate nibadilishe kipande au ninunue jipya zima? (2) Taa na betri niweke wapi? (3) Uzito ukiongezeka injini gani? Sababu ya ajali naijua, ni ile 7.

---

Kinyozi Mstaafu

Roketi tena mkuu 😂 sisi huku tunahangaika na sukari. Anyway nafuatilia. Hizo herufi na namba ni nini kwa sisi wa mwisho darasani?

---

Baba Tunu

@Kinyozi Mstaafu herufi ni jumla ya nguvu iliyomo kwenye injini, kila herufi ni mara mbili ya iliyotangulia, yaani C ni dabo ya B, D ni dabo ya C. Namba ya kwanza ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. Namba ya mwisho ni sekunde za kusubiri baada ya msukumo kuisha, hapo roketi inapanda kwa mwendo iliobaki nao huku inatoa moshi, halafu kibaruti kidogo cha mbele kinalipuka KWENDA MBELE ndani ya bomba kinasukuma pua itoke na parashuti. Kwa hiyo yangu ilisubiri 7 badala ya 5, ikachelewa, ikaanguka.

---

Dada wa Balsa

Pole kwa Tunu. Niko Colorado, hii kitu nafanya mwaka wa tisa sasa, na huku ndio kwao Estes, wako Penrose. Kabla ujibiwe hayo maswali yako matatu wacha nikuulize mawili yangu.

Mlisikia mlio juu? Ule wa "pa"?

Na mlipofika mahali imeanguka, ganda la injini lilikuwa ndani?

---

Baba Tunu

Mlio tulisikia dada, ikiwa inashuka lakini bado iko juu sana, ndo maana tukawa tunaangalia parashuti.

Ganda halikuwemo. Tunu alilikuta kando, kama hatua 30 hivi kutoka roketi ilipoanguka. Nilijua limechomoka kwa kishindo.

---

Dada wa Balsa

Basi sio ile 7.

Skiza. Injini ikichelewa roketi inakuwa inashuka kwa kasi, parashuti inatoka ikiwa na mwendo mkubwa, inavuta kamba, kamba inapasua mdomo wa bomba kama zipu. Ungekuja hapa na bomba limechanika urefu na parashuti imekatika. Yako haijachanika. Yako kibaruti kililipuka kikasukuma mbele, pua ikakataa kutoka, sasa moshi unatafuta njia, ukairudisha injini nyuma ukaitupa nje angani. Ndio maana ganda lilianguka peke yake hatua 30 mbali. Parashuti ikabaki imelala ndani.

Ile C6-7 ilikuwa kosa pia, hiyo ni ya roketi nyepesi, uzito wa kuondokea usizidi kama gramu 71 na injini ikiwa ndani, Bertha na injini yake anapita hapo. Lakini haikuwa ndio iliua.

Pua ilikuwa inakaza? Na ile kulabu ya chuma inayoshika injini nyuma iko aje?

---

Baba Tunu

Dada umenifanya nitoke kitandani niende gereji saa nne usiku.

Kulabu imenyooka. Sio imekatika, imenyooka, ile ncha iliyotakiwa kuwa imejikunja ndani kushika mdomo wa injini iko wima kabisa. Na nakumbuka mimi mwenyewe niliivuta kwa plaizi mwezi wa sita maana injini ilikuwa inakuwa ngumu kuingia.

Pua nayo. Baada ya kupaka rangi mara ya pili ilikuwa inacheza kidogo nikazungusha maskin tepu mizunguko mitatu. Sasa hivi nimeijaribu kwenye kile kipande cha bomba kilichobaki kizima, nimeishika pua nikatikisa roketi yote inaning'inia, haitoki. Nimevuta kwa mikono miwili ndo ikatoka na sauti kama ya chupa ya soda.

Yaani nilikuwa naenda kujenga upya na tepu ile ile na kulabu ile ile. Halafu usiku.

---

Mzee wa Plaizi

Hahaha huyo dada ni FBI. Nimesoma mara mbili.

---

Kinyozi Mstaafu

Hatua 30 mkuu. Hatua 30 na ukasema imechomoka kwa kishindo 😂😂

---

Dada wa Balsa

Usijilaumu sana, sote tuna moja kama hiyo kwenye kabati.

Pua ipime hivi: geuza roketi pua iangalie chini, isitoke kwa uzito wake yenyewe. Halafu weka mdomo pale nyuma kwenye bomba la injini, injini ikiwa haimo bila shaka, puliza kwa nguvu ya kawaida kama unapuliza puto. Itoke. Ikikataa pumzi yako toa tepu mzunguko mmoja. Na upime tena siku ya kurusha, karatasi inavimba na unyevu wa jioni, na wewe unaenda kurusha jioni.

Bomba: kata. Usinunue zima. Zungusha ukanda wa karatasi ukutane ncha kwa ncha ndio upate mstari ulionyooka, kisha pita na kisu kipya mara nyingi pole pole, usikandamize. Ndani unaweka kiungo, ni kibomba kifupi kinachoingia kwa kukaza kidogo, gundi ya mbao, unasukuma kwa mwendo mmoja bila kusimama maana ile gundi hushika ghafla katikati na hapo umekwisha.

---

FundiRedio Arusha

Habari zenu. Roketi sijui, ila taa na betri najua. Mkuu unataka kutumia betri gani?

---

Baba Tunu

@FundiRedio Arusha nilifikiria zile za sarafu, CR2032, volti 3, gramu tatu tu. Na vile vitaa vya LED vyeupe. Nimeshajaribu unabana miguu ya LED kwenye betri inawaka bila kitu kingine.

---

FundiRedio Arusha

Inawaka sawa, LED nyeupe inataka kama volti 3 na hiyo betri yenyewe ina ukinzani wa ndani kwa hiyo haiunguzi. Shida yako haitakuwa umeme. Shida itakuwa kushikana.

Huo mtikisiko wa kuondoka ni kiasi gani?

---

Dada wa Balsa

Tufanye hesabu. Roketi ya gramu 120, injini ikipiga kilele cha nyutoni 20 hivi, ni zaidi ya mara 15 ya uzito wa kawaida. Kwa mwanzo tu, chini ya sekunde moja.

---

FundiRedio Arusha

Basi betri ya gramu 3 hapo inakuwa kama ina gramu 45 na inataka kurudi nyuma. Ukiiweka imesimama, yaani ukingo wake unaangalia mkia, itateleza itoke kwenye kile kibanio na taa itazimika roketi ikiondoka tu. Ilaze kifudifudi, uso wake uangalie pua, hapo msukumo unaikandamiza kwenye kitako chake badala ya kuitoa. Halafu zungusha tepu. Na usije ukachomelea waya kwa risasi moja kwa moja juu ya betri, hizo ni lithiamu, moto hazipendi, zinaweza kupasuka. Tumia kitako cha betri, chomelea kwenye kitako.

Ukimaliza igonge. Shika kwa mkono piga mkono juu ya godoro mara kumi. Ikikonyeza hata mara moja bado hujamaliza.

---

Baba Tunu

Update ya kwanza wakuu (wiki mbili zimepita, kazi).

Bomba nimekata, nimeunga, mshono unaonekana ukisogea karibu, Tunu anauita kovu na amekataa niupake rangi. Pezi jipya nimechonga la balsa, nimeangalia nyuzi za mbao ziende sambamba na ukingo wa mbele maana la kwanza ndo lilivunjikia hapo. Gundi nimepaka kidogo pande zote nikaacha ikauke nusu, nikapaka tena nikabandika, hiyo ya mara mbili inashika kweli.

Kulabu mpya. Kamba ile ya mpira inayounganisha pua na bomba iliungua, nimetupa, nimeweka ya kevla (uzi mgumu usioungua kirahisi) nimeifunga kwenye kiti cha injini chini kabisa.

Mbele nimeongeza chumba cha plastiki kinachopitisha mwanga, sentimita 10, kiko kati ya pua na bomba, taa tatu nyeupe ndani, betri imelala kifudifudi kama fundi alivyosema. Mara ya kwanza niliisimamisha makusudi nione, nikapiga godoro, pigo la pili giza. Nikailaza, mapigo kumi zote zinawaka, Tunu akahesabu kwa sauti.

Uzito: kabla ya ajali gramu 72 bila injini. Sasa 97. Na injini 122. Tatizo ni kwamba C6-5 mwisho wake ni gramu 113. Nifikirie niweke kiti kipana niende D12?

---

Mzee wa Plaizi

Weka D mkuu iende ikasalimie mwezi.

---

Dada wa Balsa

Hapana jamani. Usiku hatutafuti kwenda juu, usiku tunatafuta kuiona na kuirudisha nyumbani. D12 itaipeleka mbali, itachukuliwa na kaupepo ka juu ambako chini hukasikii, na utatafuta taa ndogo shambani kwa watu saa tatu usiku, Kansas kila mtu ana bunduki. Pia D ni nzito, zaidi ya gramu 40, zote mkiani, unarudisha nyuma ule uzito uliohangaika kuupeleka mbele. Na kiwanja kinatakiwa kiwe kikubwa zaidi, C ni mita 122 kila upande, D ni 152.

Tumia C5-3. Inaingia kwenye kiti hicho hicho cha milimita 18, inapiga kwa nguvu mwanzoni, inabeba mpaka gramu 226. Na hiyo 3 inafaa, roketi nzito hufika kileleni mapema, ukisubiri 5 itakuwa imeshaanza kushuka.

---

Baba Tunu

C5-3 nimeagiza. Utulivu je? Nimeweka uzito wote mbele.

---

Dada wa Balsa

Mbele ni salama. Kanuni ni kwamba pale inapobalansi ukiiweka juu ya kidole, ikiwa na injini na kila kitu, pawe mbele ya pale upepo unapoikamata kwa wastani, angalau kwa upana mmoja wa bomba. Wewe umeirefusha na kuitia uzito puani, uko sawa sana. Sawa kupita kiasi hata, roketi ya hivyo hupenda kugeukia upepo unakotoka, kwa hivyo rusha usiku uliotulia tu. Kama huamini funga uzi pale inapobalansi, izungushe kichwani kama kombeo, pua iongoze. Tafadhali iwe mbali na gari la jirani.

Kitu kingine. Taa ya mbele peke yake haikuambii kama parashuti imetoka. Weka moja nyekundu nyuma kwenye bomba karibu na mapezi, ndogo. Ikipanda utaona zote zimekaa kama kitu kimoja. Pua ikitoka zinaachana, nyeupe huku nyekundu kule, zinaning'inia kwa kamba. Ukiona hazijaachana, waambie watu waangalie juu na wasogee.

---

FundiRedio Arusha

Hiyo nimeipenda. Na kama parashuti inafungwa kwenye kile chumba cha taa, kikining'inia si kitakuwa kimegeuka, kitako juu? Toboa kitako, weka LED moja iangalie huko, itamulika parashuti kwa chini. Tumia parashuti nyeupe.

---

Dada wa Balsa

Eh! Miaka tisa sijawahi kufikiria hiyo. Funika na kiplastiki, kile kibaruti kina masizi.

---

Mtoto wa Malindi

Ndugu zangu nasoma tu kimya ila roho imenitoka. Sisi wa huku baharini tulikulia na hadithi za San Marco, lile jukwaa la Wataliani lililosimama baharini upande wa Ngwana. Wazee wanasimulia roketi zikiondoka. Tarehe 12 Desemba 1970 waliirusha satelaiti ya Wamarekani ya kuangalia eksirei za nyota, ikaitwa Uhuru kwa sababu ilikuwa Jamhuri Dei. Sasa leo naskia Mswahili yuko Kansas ana roketi ya karatasi inaitwa Bi Mkubwa. Swali, hizo injini naweza kuletewa kwa sanduku mtu akija Disemba?

---

Baba Tunu

@Mtoto wa Malindi usimuombe mtu hilo ndugu yangu, ile ni baruti, hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria, sio begi la mkononi sio la chini. Ukitaka huko anza na za maji na chupa ya soda na pampu ya baiskeli, kwanza unajifunza mapezi na parashuti vizuri zaidi maana ukikosea unalowa tu.

---

Kinyozi Mstaafu

Na sheria hapo kwenu? Usije ukatuandikia uzi unaofuata kutoka lokapu.

---

Baba Tunu

Nimeuliza mkuu. Kwa hizi ndogo, baruti isiyozidi gramu 125 na uzito wa jumla usiozidi gramu 1500, sheria ya anga ya Marekani haikatazi usiku. Zile kubwa ndo usiku mpaka ruhusa. Ila sheria za moto za eneo ni kitu kingine, nilipiga simu kujua kama kuna katazo la moto wiki hiyo. Uwanja nimemuomba mwenyewe, na majirani wawili nimewagongea mlango na Tunu kabeba roketi mkononi, mbinu safi sana hiyo, nani atamkatalia mtoto.

---

Baba Tunu

Wakuu. IMERUKA.

Jumamosi jioni, jua limezama, bado kuna weusi wa buluu kidogo upande wa magharibi. Majani pale chini nilimwaga ndoo mbili za maji, ndoo ya tatu pembeni. Tochi ya kichwani nimeiweka nyekundu ili macho yasipofuke. Nikapuliza kwa nyuma kama dada alivyosema, pua IKAKATAA. Mchana ilikuwa inatoka, jioni imevimba. Nikatoa tepu mzunguko mmoja, nikapuliza, pop. Ningekuwa mwenyewe bila huu uzi nisingepima mara ya pili.

Ufunguo wa kurushia Tunu kauvaa shingoni, hakuna kuwasha mpaka kila mtu yuko nyuma ya mstari mita 5, sisi tulikaa 9. Akahesabu tano kwa Kiswahili kwa sauti ya juu kabisa, majirani wale wawili walikuja wakahesabu naye bila kujua wanasema nini.

Kitu ambacho hakuna mtu aliniambia: ule moto usiku. Mchana unaona moshi tu. Usiku ni kama mtu kapiga welding mbele yako, kwa sekunde mbili sikuona kitu, macho yamejaa doa la zambarau, nikasema imekwisha nimeipoteza. Tunu alikuwa ameziba moto kwa kiganja (sijui nani kamfundisha) yeye ndo aliyeiona, "ile pale, ile pale!" Nyeupe na nyekundu zimeshikana zinapanda. Zikasimama. Pa! Zikaachana.

Halafu parashuti ikafunguka na ikawaka kwa ndani. Fundi, ile taa yako ya kitako. Kitu kama kiganja cha mtu kinashuka na mwanga. Jirani mmoja alisema neno ambalo sitaliandika hapa.

Ilitua hatua kama 80. Kuitafuta ndo kichekesho, maana majani yamejaa vimulimuli, Tunu alikimbilia vitatu kabla hajaifikia. Mwishoni akagundua cha kufanya ni kusimama na kungoja, kile kisichozimika ndo Bi Mkubwa.

---

Dada wa Balsa

Nimesoma hii nikiwa kazini na nimeshindwa kuficha uso. Mapezi?

---

Baba Tunu

Yote manne yako mazima, matatu ya zamani na lile jipya. Parashuti ina kitundu kidogo cha kuungua, karatasi za kuzuia moto niliweka chache. Taa nyekundu ya nyuma ilizimika mruko wa pili, waya umekatika pale unapopita kwenye ukingo wa bomba, nadhani niliuvuta sana.

---

FundiRedio Arusha

Acha waya ulegee, uwe na kona moja kabla ya kufika kwenye LED. Ukikaza ndo unakatika. Na betri zimedumu?

---

Baba Tunu

Betri hizo fundi usiniulize. Nilisahau kuzitoa. Leo ni Jumatatu asubuhi nimeingia gereji kuchukua funguo za gari, Bi Mkubwa yuko juu ya rafu kwenye giza bado anawaka.